Hodi ya Kijapani: maneno ya mwanzo kwa anayeanzia kwenye Kiswahili

Magari mengi yanayotembea Dar es Salaam, Mombasa na Kampala yalianza maisha Japani, na baadhi yamekuja na sauti zao. Unawasha gari asubuhi, injini haijapata moto, na mwanamke asiyeonekana anasema kwa adabu kutoka kwenye kisanduku cha dashibodi: "ETC kaado ga soonyuu sarete imasen." Dereva anatia gia na kuondoka. Kesho anaambiwa tena. Wapo watu walioisikia sentensi hiyo kwa miaka, wanaweza hata kuiigiza, na hawajui inasema nini.

Inasema: "Kadi ya ETC haijaingizwa." ETC ni mfumo wa kulipia barabara kuu za Japani bila gari kusimama kwenye kizuizi, na kile kisanduku kinadai kadi iliyobaki kwa mwenye gari wa kwanza. Naanza na sentensi hii kwa sababu ndani yake umo nusu ya muundo wa Kijapani. *Kaado* ni kadi. *Ga* ni kijineno kinachobandikwa nyuma ya nomino kuonyesha kwamba ndiyo kiima cha kitenzi. *Soonyuu* ni uingizaji. *Sarete imasen* ni "haijafanywa". Kitenzi kimekaa mwisho kabisa, na ukanushi umekaa kwenye mkia wa kitenzi: *-masen*. Kadi ingekuwemo, mkia ungekuwa *-masu*.

Kwetu mambo ni kinyume. Nikisema "ha-", umeshajua nakataa kabla sijasema ninachokataa. Kwa Mjapani inabidi usubiri mpaka neno liishe. *Wakarimasu*, naelewa, *wakarimasen*, sielewi. *Arimasu*, kipo, *arimasen*, hakipo. *Tabemasu*, *tabemasen*. Na hapa kuna nafuu kubwa: *tabemasu* ni nakula, unakula, anakula, tunakula, wanakula. Hakuna ni-, u-, a-, tu-. Anayekula anajulikana kutokana na mazungumzo. Kwa hiyo anayeanza aweke sikio mwishoni mwa sentensi, hata kama yaliyotangulia yamempita.

Wengi wetu tunajifunza Kijapani kupitia vitabu vya Kiingereza, na naamini hilo linatuchelewesha. Mwingereza anahitaji kurasa kadhaa aeleweshwe mambo ambayo mtoto wa Tanga anayajua kabla hajaanza shule. Tuyachukue hayo kama yalivyo, tutoke kwenye Kiswahili moja kwa moja, na tuone ni wapi panateleza.

Irabu kwanza. Kijapani kina tano, a, i, u, e, o, na ukizisoma kama unavyosoma Kiswahili utaeleweka. Silabi karibu zote zinaishia na irabu, kama zetu. Ndiyo maana lugha hizi mbili zinayavisha maneno ya kigeni nguo zinazofanana: basi ni *basu*, kadi ni *kaado*, hoteli ni *hoteru*, pasipoti ni *pasupooto*. Ile *n* inayosimama peke yake bila irabu, inayowasumbua Wazungu, sisi tunayo kwenye "nchi" na "nne", na ndugu yake yumo kwenye "mtu". *Konnichiwa* ina mapigo matano: ko-n-ni-chi-wa. Mtu anayesema "m-toto" kwa mapigo matatu hahitaji kufundishwa.

Panapoteleza ni urefu. Irabu ndefu nitaiandika mara mbili, kama tunavyotofautisha "kufa" na "kufaa", na lazima uivute kweli. *Obasan* ni shangazi, au mama wa makamo asiye ndugu yako. *Obaasan* ni bibi. *Biru* ni jengo, *biiru* ni bia. *Shujin* ni mume wangu, *shuujin* ni mfungwa. Konsonanti nayo inaweza kurefushwa, unaizuia pumzi kidogo kisha unaiachia: *kite* ni "njoo", *kitte* ni stempu. Kisha kuna *u* na *i* zinazomezwa. *Desu* inasikika kama "des", *shimasu* kama "shimas", *suki*, yaani kupenda, kama "ski".

Na kuna mkazo. Kiswahili kinakanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, tena tumezoea kiasi kwamba hatujui tunakanyaga. Kijapani hakikanyagi, sauti inapanda au inashuka tu. Kwa watu wa Tokyo, *hashi* inayoanza juu na kushuka ni vijiti vya kulia chakula, inayoanza chini na kupanda ni daraja. *Ame* ya kushuka ni mvua, ya kupanda ni pipi. Ukienda Osaka utasikia mpangilio mwingine, kwa hiyo usijitese nalo mwezi wa kwanza. Sikiliza tu. Idhaa ya Kiswahili ya NHK World, redio ya Japani, imekuwa ikitoa masomo mafupi ya Kijapani, na kumsikia mwalimu akieleza kwa lugha yako kuna raha yake.

Sasa salamu, na hapa nitakaa.

*Ohayoo gozaimasu* ni ya asubuhi, na shina lake ni neno la "mapema": umewahi, hongera. *Konnichiwa* ya mchana ni sentensi iliyokatwa, "siku ya leo…", na iliyobaki imeachwa ijazwe na moyo. *Konbanwa* ni hivyo hivyo, "usiku wa leo…". *Sayoonara* kwa asili ni "ikiwa ni hivyo", yaani ni ile "haya basi" yetu ya kuagana. Lakini usiitumie kila jioni. Ina uzito wa kuachana kwa muda mrefu. Rafiki unamwambia *ja, mata*, haya, baadaye; mwalimu au mkubwa unamwambia *shitsurei shimasu*, naomba nikuvunjie heshima kwa kuondoka.

Vitabu vinafundisha *o-genki desu ka*, hujambo, mzima? Ukimwambia hivyo kila asubuhi mtu uliyemwona jana atashangaa, kama vile ulisikia anaumwa. Salamu yetu inazunguka nyumba nzima, habari za nyumbani, watoto, kazi, umeamkaje. Salamu ya Mjapani inapitia hewani: *atsui desu ne*, joto leo, *ii tenki desu ne*, hali ya hewa nzuri. Unajibu *soo desu ne*, kweli. Hiyo *ne* ya mwisho ni "eti?" au "sivyo?" inayomvuta mwenzako akubaliane nawe. Msikilizaji wa Kiswahili anaweza kuona ni ukavu, watu kuzungumzia mvua badala ya watoto. Ukikaa nayo unagundua inafanya kazi ile ile: tumeonana, tuko sawa.

Mlangoni tunaelewana zaidi. Hodi ipo: *gomen kudasai*, unaita kutoka nje. Ukikaribishwa, wakati unavua viatu unasema *ojama shimasu*, naingia kukusumbueni. Wenye nyumba nao wana maneno yao ya kila siku. Anayetoka anasema *ittekimasu*, na ndani ya neno hilo mna "naenda" na "nitarudi" kwa pamoja. Anayebaki anajibu *itterasshai*, nenda urudi. Jioni anayeingia anasema *tadaima*, ambalo kwa neno ni "sasa hivi", yaani nimefika sasa hivi, na anajibiwa *okaeri*, umerudi, karibu. Ni jozi zisizovunjwa, kama shikamoo na marahaba.

Dukani jozi inavunjika. Ukivuka tu mlango unapigiwa *irasshaimase!*, karibu, pengine na wahudumu wote kwa mpigo. Ulimi wetu unataka kujibu "asante". Haijibiwi. Inama kidogo au pita.

Mezani kuna *itadakimasu* kabla ya tonge la kwanza, mahali ambapo Mwislamu wa pwani anasema bismillahi. Kitenzi chake ni cha kupokea kwa unyenyekevu, na maana yake ya zamani ni kukiinua kitu juu ya kichwa. Anayeshukuriwa hatajwi: aliyepika, aliyelima, hata samaki mwenyewe. Ukishiba unasema *gochisoosama deshita*. Neno hilo linaandikwa kwa alama za kukimbia na kuhangaika, kwa kuwa mwenyeji alikimbia huku na huko kukutafutia chakula.

*Arigatoo* limetoka kwenye maneno ya "vigumu kuwepo": jambo adimu umenitendea. Wapo wanaodai lilitoka kwa Wareno. Halikutoka kwao, Wareno walifika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543 na kulikuta neno lipo. Walichoacha kweli ni *pan*, mkate, na *botan*, kifungo. Ni watu wale wale waliofika Malindi na Vasco da Gama mwaka 1498, na kwetu wakaacha meza, leso na bendera. Mtoto wa Kijapani akila *pan* na wa Kimvita akila mezani, wote wawili wamemtaja Mreno.

Neno moja ukilishika litakufikisha mbali kuliko mengine yote: *sumimasen*. Shina lake ni kuisha, kutulia. Kwa hiyo linasema "haijaisha", moyo wangu bado una deni. Umemkanyaga mtu kwenye treni, *sumimasen*. Unamwita mhudumu mkahawani, *sumimasen*. Mtu amekuokotea mwavuli, *sumimasen* pia, na hapo anayetafsiri "samahani" anakwama. Tafsiri yake ya hapo ni "umejisumbua", maneno ambayo bibi zetu wanayasema wakiletewa sukari.

Na neno utakalolitafuta usilipate ni pole.

Hakuna pole moja katika Kijapani. Imegawanywa vipande, na kila kipande kina mahali pake. Mwenzako amemaliza kazi: *otsukaresama desu*, ambayo ni "uchovu" uliovishwa heshima mbele na nyuma. Ndiyo pole na kazi, na inasemwa hata mkipishana ofisini mchana. Ipo nyingine inayofanana nayo, *gokuroosama*, lakini hiyo inateremka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, usimwambie bosi. Mgonjwa unamwambia *odaiji ni*, jitunze, na mfamasia atakuambia vivyo hivyo akikupa dawa. Mfiwa unamwambia *goshuushoosama desu*, kwa sauti ya chini, na sentensi ikififia kabla ya kuisha si vibaya, ndivyo inavyosemwa. Aliyekuhadithia shida aliyopitia, *taihen deshita ne*, ulipata tabu. Aliyejikwaa mbele yako, *daijoobu desu ka*, u salama?

Hapo kwa aliyejikwaa ndipo tunapokosea. Ulimi unatafuta pole, kichwa kinaleta kamusi, na kamusi inatoa *gomen nasai*. Hilo ni la mwenye kosa. Umemwambia "nisamehe" mtu ambaye hukumgusa, naye anageuka kukutazama kama kwamba ulimsukuma. Pole yetu haikiri kosa. Inakiri tu kwamba nimeona umeumia. Ukiwa huna uhakika, *daijoobu desu ka* inatosha kila mahali.

Kuhusu namna ya kumwita mtu, tuna bahati. Neno la "wewe" lipo, *anata*, ila watu wazima wanaliepuka, kama vile "we!" ya kumwita mtu kwetu inavyokwaruza. Unatumia jina na *-san*: "Tanaka-san, utakula?" hata kama Tanaka ndiye uliyemkabili. Mwalimu na daktari wote ni *sensei*. Watu wasio ndugu wanaitwa kwa majina ya undugu: kijana wa kiume ni *oniisan*, kaka; mzee ni *ojiisan*, babu. Tahadhari ni *obasan*. Mwanamke anayejiona bado ni dada hatafurahi. Na wa kwako humpandishi cheo mbele ya wageni. Mama wa mwenzako ni *okaasan*, mama yako ukimtaja kwa wengine ni *haha*. Jina lako mwenyewe usilitie *-san* kamwe. Unajitambulisha hivi: *Hajimemashite. Asha desu. Yoroshiku onegai shimasu.* Tunaonana kwa mara ya kwanza, mimi ni Asha, naomba wema wako siku zijazo.

Sijaweka "mimi" ya Kijapani hapo, *watashi*, kwa kuwa haihitajiki. Na *mimi* yenyewe kwa Kijapani ni sikio. *Nani* ni "nini". Anayetafuta "nani" aseme *dare*. *Kasa* ni mwavuli, *asa* ni asubuhi, na vijana wakisema *maji?* wanamaanisha "kweli?", si kiu. Maji ni *mizu*.

Neno *soko*, ambalo kwao ni "hapo", linanipeleka kwenye zawadi kubwa tuliyo nayo. *Koko, soko, asoko*: hapa, hapo, pale. *Kore, sore, are*: hiki, hicho, kile. Kilicho kwangu, kilicho kwako, kilicho mbali nasi sote. Vitabu vya Kiingereza vinachora michoro ya watu wawili na tufaha katikati ili mwanafunzi aelewe, maana Kiingereza cha leo kina ngazi mbili tu. Wewe badilisha maneno tu, umemaliza. *Doko* ni wapi. *Toire wa doko desu ka*, choo kiko wapi? Hiyo *ka* ya mwisho ni "je" iliyohamia mkiani.

Hata kuitika tunafanana. Ukiulizwa *wakarimasen ka*, huelewi?, na kweli huelewi, unajibu *hai, wakarimasen*: ndiyo, sielewi. Mwingereza hapo anasema hapana. Ila *hai* mara nyingi ni "nakusikia" tu. Mfanyabiashara asiihesabu kuwa mkataba.

Kuhesabu kuna tabaka mbili. Sisi tulichukua sita, saba na tisa kwa Waarabu, tukabaki na moja, mbili, tatu za Kibantu. Wajapani walichukua seti nzima ya Kichina na ya kwao wakaiweka pembeni bila kuitupa. Ya Kichina, ila *yon* na *nana* zimeazimwa kutoka ile ya asili: *ichi, ni, san, yon, go, roku, nana, hachi, kyuu, juu*. Waliopita kwenye karate wanaijua, ingawa huko nne huwa *shi* na saba *shichi*. *Shi* inafanana na neno la kifo, ndiyo maana kuna hospitali zisizo na chumba namba 4. Ya asili: *hitotsu, futatsu, mittsu, yottsu, itsutsu, muttsu, nanatsu, yattsu, kokonotsu, too*.

Kwa nini uzijue zote? Kwa sababu ya ngeli. Nomino ya Kijapani inatembea bila ngeli mpaka itakapohesabiwa, ndipo umbo lake linapodai haki yake. Watu ni *hitori, futari, sannin*. Vitu bapa, karatasi, sahani, shati, ni *ichimai, nimai*. Virefu, kalamu, mwavuli, chupa, hata ndizi, ni *ippon, nihon, sanbon*. Wanyama wadogo na samaki ni *ippiki, nihiki, sanbiki*. Magari ni *ichidai, nidai*. Ona *hon* inavyogeuka *pon* na *bon* kufuatana na jirani yake, kama "ulimi" unavyogeuka "ndimi". Anayejua kwa nini tunasema watu wawili, viti viwili, miti miwili, hatauliza kuna haja gani. Ukisahau, *hitotsu, futatsu* za asili zitakuokoa kwa vitu vingi mpaka kumi.

Kwenye saa, kaa macho. Wajapani wanahesabu kuanzia usiku wa manane, kama simu yako inavyoonyesha. *Hachiji* kwa herufi ni "saa nane", lakini ni saa mbili yetu. Ukialikwa *shichiji* jioni, ni saa moja. Mtu anayetafsiri namba bila kuhamisha saa anafika saa sita baadaye, chakula kimeshapoa. Kwenye pesa, kituo chao ni elfu kumi, *man*: laki ni *juuman*, "kumi za elfu kumi", na milioni ni *hyakuman*.

Tumalizie kwa muuza samaki.

"Sumimasen." Samahani, mwenye duka.

"Hai, irasshai!" Naam, karibu.

"Kore wa nan desu ka?" Hiki ni nini? *Nani* imefupishwa.

"Saba desu." Hajasema saba ya kuhesabu. *Saba* ni samaki wa ukoo wa vibua.

"Ikura desu ka?" Bei gani?

"Ippiki sanbyaku en desu." Mmoja yen mia tatu. *Hyaku*, mia, imegeuka *byaku*.

"Ja, nihiki kudasai." Basi nipe wawili. Ameshasema *nihiki*, hakuhitaji kurudia neno la samaki.

"Hai, roppyaku en ni narimasu." Mia sita. Hakusema "ni" mia sita, *ni narimasu* ni "inakuwa", kama muuzaji wa Kariakoo anavyokufungia mzigo akisema, "inakuwa elfu sita, dada."